Babu aliandika mbuzi, hakuandika mke: barua sita za askari wa Keya

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Bibi yetu alifariki mwaka jana huko Iringa. Wakati wa kugawa vitu vyake tulikuta mkebe wa bati, ndani yake barua sita zimefungwa kwa kipande cha kanga. Ni barua za babu alipokuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), kikosi 36, vita ya pili ya dunia. Ya kwanza ni ya 1943, ya mwisho ya mwanzoni mwa 1946. Babu alirudi salama, akafa sisi hatujazaliwa. Bibi hakujua kusoma, na sidhani kama kuna aliyezifungua tangu zamani hizo.

Nimezisoma zote na nimevunjika moyo. Zinafanana kama zimepigwa chapa. Mimi mzima hofu ni kwenu, mbuzi hawajambo, yule mbuzi mwekundu amezaa au bado, fedha za boma mmepata, msalimieni baba, mama, baba mdogo, kaka, halafu mwisho kabisa "na bibi", nadhani ni bibi yake yeye. Mke wake hamtaji popote. Barua tatu za mwanzo zina mwandiko mzuri, za mwisho zina mwandiko mbaya sana, herufi kubwa zimelala huku na huku. Kwenye ya pili kuna neno limefutwa kwa wino mweusi. Ya nne, ya mwanzoni mwa 1945, ina mstari ambao hatuelewi: "Huku nilikopita mianzi ni mingi lakini haina kitu."

Shangazi anasema ndiyo ushahidi kwamba babu aliozeshwa tu, hakumkumbuka bibi hata siku moja. Naomba unieleze hawa watu waliishije huko kambini, na kama ni kweli mtu anaweza kukaa miaka mitatu asimkumbuke mkewe. — Mjukuu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Nianze na neno moja dogo, maana hapo ndipo mlipopotea, wewe na shangazi yako. Neno lenyewe ni "bibi". Wewe umekulia Dar es Salaam, kwako bibi ni mama mzaa mama au mzaa baba. Lakini Kiswahili cha askari wa miaka ile, "bibi" alikuwa mke. Vuka Namanga leo hii, Mkenya akikwambia "bibi yangu yuko nyumbani" hamaanishi ajuza, anamaanisha mkewe. Keya ilichanganya watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, na Kiswahili chao kilikuwa cha kambini, kila mtu ametia chake. Kama una shaka, waulize wazee wa ukoo: mwaka 1943 bibi yake babu, yule mzee, alikuwa hai? Nadhani utapata jibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kwa hiyo "na bibi" inayofunga kila barua ni huyo mliyemzika mwaka jana. Barua sita, mara sita.

Shangazi atasema basi mbona amewekwa mwisho, baada ya kaka na baba mdogo. Hiyo ni adabu, si dharau. Salamu zilipangwa kwa ukubwa. Kijana anayeanza na mkewe kabla ya baba yake angeonekana hana malezi, na aibu hiyo isingemwangukia yeye aliye ng'ambo, ingemwangukia mke aliyebaki pale uani na wakwe zake.

Lakini swali lako kubwa ni kwa nini hakusema zaidi. Ili ujue, fuata barua moja tangu inapotoka kinywani mwake hadi inapofika masikioni mwa bibi yako. Askari wengi walioingia Keya hawakujua kusoma wala kuandika. Aliyetaka kutuma barua alimtafuta karani wa kombania au mwenzake aliyepita shule ya misheni, akakaa kando yake, akasema. Huyo ni mtu wa kwanza kusikia. Barua ikiisha, haikufungwa. Ilipelekwa kukaguliwa na ofisa, Mzungu, ambaye Kiswahili alilazimika kukijifunza ili aweze kuwaongoza askari. Huyo wa pili. Ikapanda meli, ikaja Mombasa au Dar es Salaam, ikafika boma la Iringa, ikachukuliwa na tarishi wa jumbe au mtu wa misheni. Bibi yako hakujua kusoma, kwa hiyo ilisomwa na mwalimu wa kijijini au katekista, kwa sauti, uani, na mkwe wake ameketi kwenye kigoda anasikiliza. Wa tatu, wa nne, wa tano, na watoto waliokuwa wanazurura hapo.

Sasa wewe mwenyewe niambie, Mhehe wa miaka ishirini na kitu angesema nini mbele ya watu wote hao? Kwamba usiku hapati usingizi anamfikiria? Angechekwa mpaka leo. Barua ya askari ilikuwa mkutano wa hadhara. Waliojua hilo walijifunza kusema mambo yao kwa kupitia vitu vingine, na kitu kilichofaa kuliko vyote kilikuwa mifugo.

Mbuzi nitawarudia. Kwanza nikupe picha ya mahali alipokuwa, kwa sababu umeuliza waliishije.

Kikosi namba 36 cha Keya, cha Tanganyika, kilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Mwaka huohuo walivushwa Bahari ya Hindi kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wakakaa huko karibu mwaka mzima wakifundishwa vita vya msituni. Barua yako ya pili, ile yenye neno lililofutwa, inaelekea imetoka huko, na wino mweusi ule ni wa mkaguzi. Mara nyingi waliyemfuta alikuwa ametaja mahali. Usihangaike kuishika juani ukijaribu kusoma, karatasi itakatika. Karibu kwa hakika chini ya wino huo pana jina la nchi, bandari au meli.

Na walikuwa na sababu ya kuficha meli. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu yako alikuwa ameshavuka. Lakini hebu fikiria kambi yao Ceylon wakati habari hizo zinanong'onwa kutoka hema hadi hema: njia ile ile waliyopita wao, na njia ile ile watakayorudi.

Maisha ya Ceylon yalikuwa maisha ya kambi kama kambi nyingine. Tarumbeta alfajiri, kukimbia, kunawa, kukagua mablanketi na bunduki, gwaride, mafunzo ya porini, chakula, fatiki za kuchota maji na kupasua kuni, jioni kusugua buti na vifungo. Posho kila siku. Mgawo wa sigara, na asiyevuta alibadilishana na anayevuta. Jumamosi ngoma, kila kabila na yake: Wanyamwezi kule, Wakamba huku, watu wa Nyasa pembeni wakisemeshana Kinyanja chao. Mzee mmoja wa Keya niliyepata kukaa naye nilipokuwa nafundisha nyanda za juu aliniambia kwamba vita haikumchosha kama Jumapili. Siku sita unaamrishwa mpaka usahau jina lako, akasema, halafu ya saba wanakuacha na kichwa chako mwenyewe.

Kuna jambo watu wengi hawalijui, na linahusu bibi yako moja kwa moja. Kabla ya vita, Keya haikuwa jeshi la wanaume watupu. Askari aliyeoa aliishi na mkewe kambini, kwenye nyumba za safu walizoziita laini. Wanawake walipika, watoto walizaliwa humo, jioni moshi ulifuka mlango kwa mlango. Kwa Wajerumani huku kwetu ilikuwa hivyohivyo, hata vitani 1914 mpaka 1918 wake za askari walifuata msafara. Vita ya pili ndiyo iliyokata kamba hiyo. Vikosi vilivyokwenda ng'ambo viliwaacha wanawake vijijini. Kwa hiyo askari wazee ndani ya kombania, masajini na makoplo waliozoea kurudi jioni kwa wake zao, ndio walioteseka zaidi, na ndio waliowafundisha vijana kama babu yako namna ya kuteseka kimyakimya. Jeshi halikuwa na neno la kutamani nyumbani. Lilikuwa na "mgonjwa" na "mvivu", uchague.

Katikati ya 1944 wakatolewa Ceylon. Hapo ndipo mkebe wako una pengo refu, kati ya barua ya tatu na ya nne, na pengo hilo ndilo barua kubwa kuliko zote.

Walipelekwa mpaka wa India na Burma, leo Myanmar, wazee wakiita Bama, wakateremka kwenye bonde la Kabaw. Mji wa kwanza waliopita upande ule unaitwa Tamu. Ndiyo, Tamu. Sijui Waswahili wangapi walicheka waliposikia jina hilo, ila kicheko hakikudumu, kwa sababu Wajapani walikuwa wamerudi nyuma kupitia pale wakiwa hoi kwa njaa na magonjwa, na mji ulikuwa umejaa maiti ambazo hakuna aliyezizika.

Kutoka Tamu wakaanza kushuka bonde, Agosti mpaka Novemba, katikati ya masika ya kule. Wewe unaijua mvua ya Iringa. Hiyo ya Kabaw ni mvua nyingine. Barabara iligeuka uji. Magari yalizama, watu wakabeba mizigo. Chakula kiliangushwa na ndege kwa miavuli, mawingu yakiwa mazito ndege haikuonekana na mtu alikaza mkanda. Bonde lile lilikuwa na malaria kali hata wakubwa wa vita walikuwa wakiliogopa, na kulikuwa na homa ya taifasi inayoletwa na vidudu vidogo vya majani. Kila siku askari alipewa kidonge cha mepakrini, cha kuzuia malaria, na kusimamiwa mpaka amekimeza. Kidonge hicho kiligeuza ngozi rangi ya manjano, hasa ungeona kwa Wazungu, lakini hata macho ya Mwafrika yalibadilika. Ruba walipenya kwenye matundu ya kamba za buti. Mtu alilala ndani ya handaki lenye maji, wawili wawili, mmoja analinda mwingine anafumba macho.

Na mara mbili kwa siku, alfajiri na machweo, kila mtu alitakiwa kuwa handakini, bunduki mkononi, kimya, maana hizo ndizo saa adui hupenda kushambulia. Mimi nimefikiria sana juu ya saa ile ya machweo. Kwao ndiyo saa ng'ombe wanarudi zizini, wanawake wanawasha moto, watoto wanaitwa ndani. Na huyu kijana amesimama ndani ya shimo la maji anatazama miti, haruhusiwi kusema wala kuwasha sigara, hana kazi yoyote ila kutazama na kukumbuka. Miezi minne, kila machweo.

Katikati ya Novemba wakaingia Kalemyo, Desemba 2 wakachukua Kalewa kwenye mto Chindwin. Pale wahandisi wakatandika daraja la vyuma la karibu mita 350, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo wakati ule, majeshi mengine yakavuka kusonga mbele, na Divisheni ya 11 ikarudishwa India kupumzika. Mmoja wa waliopita huko alikuwa Waruhiu Itote, ambaye Wakenya walikuja kumjua kama Jenerali China wa Mau Mau. Ukisikia watu wakisema vita ile iliwafungua macho watu weusi, si maneno matupu. Lakini hilo si swali lako.

Ndani ya pengo hilo babu yako hakuandika kwa sababu hakuwa na pa kuandikia. Karatasi ingeoza mfukoni. Na kama bibi yako alimtumia majibu, nayo naamini alimtumia maana babu anauliza "fedha za boma mmepata" kama mtu anayejua kwamba awali hazikufika, majibu hayo yaliishia kwenye tope hilo. Usiyatafute.

Hizo fedha za boma nazo ni habari yake. Askari alikatwa sehemu ya mshahara, ikalipwa kwa familia bomani kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza. Ugomvi ulikuwa ni nani anapokea: baba mzazi au mke? Baba aliona mtoto ni wake na fedha ni zake. Mke ndiye aliyelala njaa. Askari waliandikia maboma barua nyingi mno, juu ya fedha hizo, juu ya ng'ombe wa mahari, shamba lililomegwa na jirani, mke aliyesemekana kaonekana na mtu mwingine. Ukipata nafasi nenda Nyaraka za Taifa hapo Dar es Salaam, uliza majalada ya wilaya ya Iringa ya miaka ya vita. Sikuahidi kitu, ila watu wamekuta mababu zao humo wakilalamika kwa sauti kubwa kuliko walivyowahi kulalamika nyumbani. Kwa Bwana Shauri mtu aliweza kusema "mke wangu". Kwa baba yake hakuweza.

Sasa tuje kwenye mwandiko, jambo ambalo umelitaja kama kasoro. Nilipoisoma sentensi yako kwamba barua za mwisho zina mwandiko mbaya, nilisimama kidogo nikavua miwani.

Jeshini kulikuwa na kikosi cha elimu. Walimu wake wengi walikuwa Waafrika wenyewe, vijana waliosoma, na kazi yao ilikuwa kuwasomea askari habari, kuwaeleza vita inakwendaje, na kuwafundisha kusoma na kuandika Kiswahili. Kulikuwa na magazeti ya askari ya Kiswahili, moja likiitwa Askari, lililochapwa Nairobi, jingine Heshima, la watu waliokuwa huko mashariki. Mtu alianza kwa kusomewa, akafuata kidole cha mwalimu, akaanza kuchora a na e kwenye mchanga, kwenye ubao, kwenye kipande cha boksi la biskuti. Kambini India, mwanzoni mwa 1945, walikuwa na muda. Hawakuwa na kingine cha kufanya zaidi ya kusubiri.

Barua tatu za mwanzo zenye mwandiko mzuri ziliandikwa na karani. Hayo ni maneno ya babu yako yaliyopita kwenye mkono wa mtu, na makarani walikuwa na fomula zao. Ndiyo maana zimefanana kama zimepigwa chapa. Barua ya nne, yenye herufi zilizolala huku na huku, ni mkono wake mwenyewe. Alikuwa anajifunza. Angalia kama kalamu imekandamizwa sana mpaka karatasi imetoboka upande wa pili. Kama ni hivyo, huyo ni mtu mzima aliyezoea jembe na bunduki anayeshika kitu chepesi kwa mara ya kwanza na anaogopa kitamponyoka.

Na jambo la kwanza aliloandika kwa mkono wake, bila karani kumsikia, ni lile la mianzi.

Nashangaa kwamba hakuna aliyekwambia, lakini ndiyo hasara ya kukulia Mbagala. Kwenu Iringa mwanzi si mti wa kujengea tu. Mvua zikianza, chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, linawekewa mbeta chini, yaani chombo cha kipande cha mwanzi, asubuhi na jioni linakatwa tena kidogo, na maji yanayodondoka ndiyo ulanzi. Asubuhi ni mtamu, mtoto anakunywa. Ukikaa unakuwa pombe yenyewe. Msimu wake ni kuanzia Desemba hivi mpaka Mei. Barua ya nne umeniambia ni ya mwanzoni mwa 1945, msimu wa ulanzi. Huyu mtu ametoka kwenye bonde ambalo limejaa mianzi, amelala chini yake miezi minne, ameikata, ameijengea vibanda, na kila alipoitazama alitazama msitu mzima usio na hata tone. "Mianzi ni mingi lakini haina kitu." Mkaguzi alisoma akaona ni habari za miti, akapitisha. Katekista aliyesoma uani huenda alikuwa mtu wa mbali, hakuelewa. Lakini kila Mhehe aliyekuwa pale alielewa, na bibi yako, ambaye pengine ndiye aliyekuwa akienda asubuhi kuteremsha mbeta, alielewa kuliko wote. Mimi nathubutu kusema hiyo ndiyo barua ya mapenzi katika mkebe wenu. Shangazi akikataa, mwambie aniandikie.

Mbuzi sasa. Umesema barua zinauliza mbuzi, na hasa mbuzi mmoja mwekundu. Angalia hakuuliza ng'ombe. Ng'ombe ni mali ya baba, habari zao baba angezitoa mwenyewe kwa kujivunia. Lakini mbuzi wa mlangoni, yule anayefungwa karibu na jiko, anayejulikana kwa rangi na tabia, anatazamwa na mke wa nyumba. Babu akiuliza "mbuzi mwekundu amezaa au bado", mkwe hawezi kujibu, shemeji hawezi kujibu. Lazima wamgeukie yule binti aliyekaa nyuma kabisa kwenye mkeka. Pale uani, mbele ya watu wote, swali hilo linamlazimisha aongee, na jibu lake liandikwe, na lisafiri. Ni njia ya kumsikia. Sijui aliibuni mwenyewe au alifundishwa na koplo mzee, lakini nimekuta mbuzi wa namna hiyo kwenye barua za askari wengine pia, na wakati mwingine kuku.

Kwa hiyo, walikumbuka? Walikumbuka mpaka ikawa tatizo. Wakubwa wa jeshi waliona kwamba askari asiyepata barua anakuwa mzito: anachelewa gwarideni, anagombana kwenye bwalo, anaripoti mgonjwa bila homa. Aliyepata barua alisomewa, akaiweka, kesho akaomba asomewe tena ileile na mtu mwingine, kuhakikisha wa kwanza hakuruka kitu. Usiku kabla ya kulala wale wa handaki moja walihadithiana: wewe kwenu sasa hivi wanafanya nini, wanavuna au wanapalilia? Mtu wa Songea alimweleza mtu wa Singida kila kona ya kijiji chake, hadi huyo wa Singida akawajua wajomba wa mwenzake kwa majina. Wengine walirudi wakiwajua watu ambao hawajawaona maisha yao yote.

Nikuchukue haraka kwenye barua mbili za mwisho. Vita iliisha Agosti 1945 lakini askari hawakurudi Agosti. Meli hazikutosha, na waliopewa nafasi kwanza hawakuwa wao. Divisheni ikabaki India ikifanya gwaride lisilo na vita mbele yake, ikasubiri, ikafika Krismasi, ikafika mwaka mpya. Wengi waliona pwani ya Afrika 1946. Kama barua ya tano na ya sita ni fupi na salamu zimekatwa, usifikiri upendo ulipungua. Hiyo ni hasira ya mtu aliyeambiwa "bado kidogo" kwa miezi sita. Na ukizisoma tena vizuri, kuna uwezekano kwamba kwenye ya sita hakuuliza mbuzi kabisa. Ukiona hivyo, ni kwa sababu alijua sasa atamwona mwenyewe kabla jibu halijafika.

Kuhusu kuzitunza: usizipeleke kwa mtu akazitie plastiki ya moto. Joto na plastiki vinaziharibu polepole. Zifungue mchana kweupe, uzipige picha vizuri pande zote mbili, hata upande usio na maandishi, kwa sababu mihuri ya posta ya jeshi huenda iko nyuma na inaweza kutuambia tarehe halisi. Halafu zirudishe ndani ya bahasha ya karatasi kavu, mbali na unyevu wa pwani. Kile kipande cha kanga usikitupe. Kitazame kama kina jina, ukifungue taratibu, na unitumie picha ya maandishi yake kama bado yanasomeka. Wanawake waliokuwa hawajui kuandika nao walikuwa na namna zao za kujibu, na mara nyingi zilikuwa zimechapwa kwenye nguo.